Naomba ushauri: kikundi cha hisa, kipi kilegezwe na kipi kisiguswe?

Habari wakuu. Kikundi cha kuweka akiba kwa kununua hisa kina watu 25, sanduku la pesa la kufuli tatu (kila ufunguo na mshikaji wake), hisa 1 hadi 5 kwa mwanachama kila wiki, mzunguko wa miezi 12 kisha mgao. Msimu wa palizi mahudhurio hushuka, na wanachama wanaomba wakutane kila baada ya wiki mbili, pesa za hisa zitumwe kwa simu, na mshika ufunguo akisafiri amwachie mwenzake.

Ratiba sioni shida, mradi wapige kura wenyewe na katiba irekebishwe. Bei ya hisa tu isiguswe katikati ya mzunguko: mihuri ya hisa kwenye vijitabu vya wanachama ikiwa na thamani tofauti, hesabu ya mgao inavurugika. Ufunguo, hapana. Funguo mbili zikishikwa na mtu mmoja, kufuli tatu zinabaki pambo.

Kinachonikwaza ni simu. Pesa ikiingia kwenye laini ya mweka hazina, wahesabu pesa hawaishiki, na uhai wa kikundi ni kila shilingi kuhesabiwa mbele ya wote. Je, asiyefika amtume mwenzake na pesa taslimu, kijitabu kigongwe muhuri hapohapo? Mnaowezesha vikundi hivi, mpaka mnauweka wapi bila kuwaamulia?