Vijana wa Misri wanagonga 30 bado wako kwa mama, hivi tatizo ni nini hasa?

MgeniWaNasr:
Wakuu salaam. Niko Cairo kimasomo, nakaa Nasr City, kuna jambo linanitatiza wenye uzoefu mnifafanulie. Washkaji ninaoswali nao hapa mtaani wengi wana digrii na kazi wanafanya, umri 30 na ushee, lakini wote wako kwa wazazi, tena chumba kilekile cha utotoni anabanana na mdogo wake. Kuna mmoja mfamasia, ana mchumba miaka sasa, wanaonana sebuleni kwa kina binti na mama mtu kakaa hapohapo anamenya machungwa. Juzi namuuliza harusi lini, ananijibu nikimaliza fleti. Sasa sisi kwetu Tanga kijana akipata kibarua cha maana anapanga chumba na sebule anaoa, kabati na friji vitakuja mbele ya safari. Hawa wanashindwa nini kupanga? Au ndo uoga wa maisha?

babu_wa_Giza:
Uoga wapi mdogo wangu. Wapo wanaopanga, ila baba wa binti wengi ukimwambia fleti ya kupanga anakunja uso, kwa sababu mikataba iliyofungwa baada ya sheria ya 1996 ni ya muda, ukiisha mwenye nyumba anapandisha kodi anavyotaka au anakutoa. Zile za zamani kodi ilikuwa imegandishwa mtu anakaa mpaka anarithisha watoto. Kwa hiyo mzee anataka uwe na kuta zako. Ukipita vijijini angalia juu ya mapaa utaona nondo zimeachwa zimechomoza, ile ghorofa ya juu ni ya mtoto wa kiume, baba anapandisha tofali kila akipata hela, na mpaka iishe kijana anasubiri tu.

Hapo bado shabka, dhahabu ya binti, wengi wanataka ya karati 21. Machi 2024 paundi ilitoka kama 31 kwa dola ikaenda karibu 50, aliyekuwa anaweka akiba ya paundi ndani aliumia vibaya. Na serikali ya enzi za Nasser ukimaliza chuo ulikuwa unapewa ajira, hiyo ilishakufa kitambo. Ongeza jeshi, mwenye digrii kwa kawaida mwaka mzima, labda uwe mtoto wa kiume wa pekee ndo unasamehewa.

Ummu_Rayyan:
Kaka zangu mnaongea kama anayeumia ni bwana harusi peke yake. Mimi nimeolewa huku. Mama wa binti anaanza kununua sufuria na taulo mtoto yuko shule ya msingi, anasukumia chini ya kitanda, maana jikoni na vyombo kwa kawaida ni upande wa mwanamke. Na majirani wanakuja kuangalia kabisa! Wasio na uwezo wanakopa friji na mashine ya kufulia, wanasaini karatasi za amana, yaani wanakiri wameshika pesa ya mtu, wakishindwa kulipa wanafungwa. Wanaitwa gharimat, mpaka zipo taasisi za hisani zinawalipia madeni watoke jela. Mama mtu mzima jela kwa ajili ya seti ya sahani jamani.

Na ile kaima, orodha ya vitu vyote vya ndani ambayo mume anasaini kuwa ni mali ya mke, wanaume wanailalamikia sana kwa sababu akigoma kuvirudisha anaweza kufunguliwa kesi ya jinai. Lakini mwanamke akiachika ana nini kingine cha kushika? Mimi yangu ninayo na siitoi.

MzenjiMuscat:
Huku Oman shida inafanana ila sura nyengine. Nyumba si kikwazo kikubwa hivyo, tatizo ajira, mwaka 2021 vijana wa Sohar waliingia barabarani kudai kazi. Mahari nayo ukijumlisha na sherehe ni mzigo, ndo maana kuna wilaya wanafanya harusi za pamoja, mabwana harusi wanakaa safu moja na majambia yao, gharama inagawika. Zamani ukitaka kuoa nje ilikuwa lazima upate kibali cha serikali, Sultan Haitham akaiondoa sheria hiyo 2023, na sisi wenye jamaa Unguja na Pemba tulifurahi kweli maana kuna watu ndoa zao zilikuwa hazijulikani kisheria. Emirati wao wana mfuko wa ndoa tangu 1992, kijana raia anayeoa raia mwenzake akitimiza masharti anapewa hadi dirham 70,000. Msinitumie PM mkiuliza kama mgeni anapewa, hapewi 😂

kipanga_wa_Tanga:
Mwenye contact ya hao Emirati anitumie, niko tayari kubadili uraia leo

MgeniWaNasr:
Hahaa. Asanteni, nimeelewa sana. Sasa huyu mfamasia anasema kapata kazi Riyadh anaondoka. Mchumba atamsubiri kweli?

babu_wa_Giza:
Ndo njia ya wengi, Saudia au Kuwait, fleti inajengwa kwa riali au dinari. Ila muulize vizuri, huenda kitabu kilishafungwa. Wengi wanafunga nikaha mapema halafu binti anabaki kwao mpaka nyumba ikamilike, ukimuona mama kaanza kuwaacha wawili sebuleni ujue tayari. Hapo wakiachana kabla hajamuingiza ndani ni talaka kamili na nusu ya mahari juu, kwa hiyo atamsubiri, na yeye atarudi.