Tupeane uzoefu: mazoezi ya pumzi na mrija kwa sauti iliyochoka

Mshika Chaki: Wakuu, salaam. Nafundisha, na wiki ikifika katikati sauti imeshakauka, naongea kama bati linaloburutwa. Nasikia kuna mazoezi ya kutoa sauti kupitia mrija, huu wa kunywea soda. Waliojaribu, mlifanyaje?

Mwanakwaya: Yanasaidia, ila si kupuliza tu mkuu. Bana mrija kwa midomo, hewa isivuje pembeni wala puani, kisha toa sauti ya "uuu" humo ndani. Panda na kushuka taratibu kama king'ora, halafu uvumishe wimbo wowote unaoujua. Hewa ikibanwa na mrija, msukumo wake unarudi kooni, hivyo nyuzi za sauti zinatetemeka bila kugongana kwa nguvu. Mimi nikimaliza koo huwa jepesi. (Wa besi hutucheka, lakini sauti zao ndizo za kwanza kukauka.)

Mzee wa Mapovu: Mie natumia maji. Ncha ya mrija izame sentimita 1 au 2 kwenye glasi, uvume mapovu yatoke sawasawa. Yakikatikakatika, ujue pumzi inayumba. Wafini, yaani watu wa Finland, wanatumia mirija ya kioo na maji tangu miaka ya 1960. Huu mrija mkavu umevumishwa zaidi na Ingo Titze, mwanasayansi wa sauti kule Marekani.

Mama Mhubiri: Anzeni na pumzi jamani! Mkono tumboni, vuta hewa tumbo lijae, mabega yatulie. Toa kwa "sss" ndefu isiyotetereka. Bila hapo unamsukumia koo kazi ya tumbo.

Simu Mchana Kutwa: Kwangu mrija haukutosha. Mkwaruzo ulipitiliza mwezi, daktari akapitisha kamera nyembamba puani, akakuta vinundu kwenye nyuzi. Nikapelekwa kwa mtaalamu wa tiba ya sauti, ndiye aliyenisaidia. Mkwaruzo ukizidi wiki 3 nenda hospitali, na ukitema damu au kumeza kukiwa shida usisubiri hata hizo. Halafu kunong'ona siku nzima si kupumzisha sauti, wengine kunawachosha zaidi.

Mshika Chaki: Shukrani. Mrija mwembamba au mnene?

Mwanakwaya: Anza na mnene. Mwembamba unabana zaidi, uhamie ukishazoea. Dakika chache kabla ya kipindi, nyingine baadaye. Ukisikia maumivu, acha.