"Conversation" na "dialogue": yote ni "mazungumzo"?

mfasiri_wete
Assalaam aleikum. Nafasiri kwa Kiingereza muhtasari wa kikao cha kamati ya wavuvi ya shehia, kurasa 6, unakwenda kwa wafadhili. Neno "mazungumzo" limo mara 11. Nimeandika "conversation" pote, na aliyeupitia amezikata 7 akaweka "dialogue" bila ya maelezo. Sentensi mbili ndizo zinazonitatiza zaidi:

1. "Kulikuwa na mazungumzo baina ya wavuvi wa madema na wavuvi wa pweza juu ya kufunga mwamba kwa miezi 3."
2. "Baada ya kikao wajumbe walibaki kwa kahawa na mazungumzo."

Kote kumekatwa. Kamusi niliyonayo inayapa maneno yote mawili tafsiri moja. Tofauti iko wapi?

kamusi_mkononi
Wa aleikum salaam. Ya 1 amekurekebisha sawa. Ya 2 irejeshe kama ilivyokuwa.

Jiulize hivi: watu walipokaa kitako, walikuwa na pande? "Dialogue" inataka pande zenye jambo linalowatenganisha, na kila upande umekubali kuusikiliza wa pili. Wa madema wanataka mwamba uwe wazi, wa pweza wanataka ufungwe ili pweza wakue. Hapo pande zipo. "Conversation" haidai pande wala haidai kufika popote. Barazani baada ya laasiri maneno huanzia bei ya karafuu, yakapita kwenye harusi ya jirani, yakaishia kwenye mvua za vuli. Hiyo ni "conversation" kamili, na hakuna atakayeuliza imeamua nini.

Shida inatoka kwenye Kiswahili, kwa sababu "mazungumzo" yetu yanabeba yote mawili: ya barazani na ya meza kuu. Kwa hiyo usifasiri neno, fasiri tukio.

Angalia pia maneno yanayofuatana nayo, maana hapo ndipo Mwingereza hujua kwamba aliyeandika ni mgeni. Husemwa "have a conversation" au "strike up a conversation", yaani kuanza kuzungumza na usiyemjua, kama kwenye boti ya kwenda Unguja. "Dialogue" huambatana na "open", "enter into", "engage in". "Strike up a dialogue" inachekesha. Tena "conversation" huhesabika: moja, mbili, tatu. "Dialogue" ya mapatano mara nyingi huachwa bila ya "a" na bila ya wingi.

darajani_77
Kwa ufupi: "dialogue" ni ya watu wawili, "di" ni mbili. Kamati ina watu zaidi ya wawili, kwa hiyo andika "discussion".

mwalimu_wa_lugha
Ndugu yangu darajani_77, hilo limeenea hata maskulini lakini si sahihi. Mwanzo wa neno ni "dia", si "di". Ni Kigiriki, na maana yake ni "kupitia". "Logos" ni neno au hoja. Basi "dialogue" ni maneno yanayopita baina ya watu, wawe wawili au ishirini.

"Discussion" nayo ina kazi yake. Hiyo ni mada kuwekwa mbele na kuchambuliwa, hata kama wote wapo upande mmoja. Wavuvi wa pweza peke yao wakikaa kutafuta mwezi gani wa kufunga, hapo "discussion". Na tahadhari kwa sote: kitenzi "discuss" hakifuatwi na "about". Tunakosea kwa sababu Kiswahili kinasema "kujadiliana kuhusu". Andika "they discussed the closure", basi. Nomino ndiyo hukubali "about": "a discussion about the closure".

Lipo na neno la tatu ambalo huenda likakufaa: "talks", kwa wingi. Hayo ni mazungumzo rasmi ya wawakilishi waliotumwa kupatana. Mazungumzo ya CCM na CUF yaliyozaa Muafaka wa 1999 na wa 2001 ni "talks". "Dialogue" ni pana kuliko hapo, inaweza kuendelea miaka bila ya karatasi kusainiwa. Na muafaka wenyewe ni "agreement". Usiuchanganye na njia iliyoufikisha.

nyaraka_kilimani
Naongeza mawili. "Conversation" si nyepesi siku zote. Mfadhili akikuandikia "we need to have a conversation about the budget", hakuiti kwenye soga. Ana neno zito na anataka kulisema kwa upole, basi jitayarishe na risiti.

La pili ni kwa wanaosoma nyaraka za zamani. Katika Biblia ya Kiingereza ya 1611 "conversation" ni mwenendo wa mtu, si maneno yake. Na katika sheria ya Uingereza ya zamani "criminal conversation" ilikuwa ni madai ya mume dhidi ya aliyezini na mkewe. Madai hayo yaliondolewa Uingereza mwaka 1857. Nimeona tafsiri iliyoandika "mazungumzo ya jinai", na kesi nzima ikapotea maana.

mfasiri_wete
Shukran sana. Nimeandika hivi, tazameni:

1. "Trap fishers and octopus fishers held a dialogue on closing the reef for three months."
2. "After the meeting, members stayed on for coffee and conversation."

mwalimu_wa_lugha
Ya 2 usiiguse tena. Hapo "conversation" bila ya "a" ni sawa, kwa sababu si zungumzo moja lenye mwanzo na mwisho, ni hali ya watu kuzungumza. Ya 1 inafaa ikiwa pande zilikutana siku ile moja. Kama zimekutana vikao kadhaa na bado hazijamaliza, ondoa "held a" uandike "are in dialogue". Tazama tarehe kwenye muhtasari kabla ya kuchagua.

mfasiri_wete
Vikao 3, na cha 4 kimewekwa baada ya bamvua. Naandika "are in dialogue".