KERO: Yadi za magari Tanga, kabla ya kulipa unaitwa dadaangu kipenzi, ukishalipa unakuwa msumbufu

Wakuu salaam. Hii itakuwa ndefu maana nimevumilia mpaka nimechoka, asiyetaka kusoma apite tu. Jina la yadi silitaji kwa sasa, na mods wasije wakaufuta uzi kwa sababu hiyo.

Nimenunua IST new model, milioni 17 na nusu, keshi, sio mkopo wala nini, ni hela yangu ya vitenge Ngamiani niliyoweka kidogo kidogo. Nilienda na mdogo wangu wa kiume anisindikize, dogo hata leseni hana, basi yule muuzaji kila nikiuliza mimi jibu anapewa dogo. Nauliza giaboksi ikoje, anamgeukia, "kaka hii ni CVT, mafuta inanusa tu." Dogo anatikisa kichwa, na CVT hajui kama ni giaboksi au dawa ya kikohozi. Ilipofika kwenye kulipa ndo nikaonekana, dadaangu kipenzi karibu ofisini, soda baridi ikaletwa, kiti kikafutwa vumbi.

Na kabla hamjaanza kuniandikia "ungeenda na fundi", fundi nilimpeleka. Wakamkatalia kuchomeka mashine ya kupimia, wakamkatalia hata kuinua gari aangalie chini, eti wao wana fundi wao na gari zao zote zimeshakaguliwa. Kuendesha wakaniruhusu mpaka Raskazone na kurudi. Sasa nyie watu wa Tanga mnajua, mji huu tambarare, utazunguka Chumbageni, Makorora mpaka Majani Mapana hukutani na mlima wa kuionesha giaboksi kazi. Wao wanalijua hilo vizuri sana.

Dashibodi inasoma kilomita elfu 68. Mpira wa pedali ya breki umelika upande, usukani umeng'aa kwa kushikwa, kiti cha dereva kimezama. Nikauliza hii elfu 68 gani? Naambiwa Wajapani wanatumia gari kistaarabu. Nikaomba ile karatasi ya mnada ya Japani inayoonesha gredi na kilomita, ikawa "imepotelea bandarini". Bandari yetu jamani, yani meli kubwa zinaingia siku hizi, kontena zinatoka, ila karatasi yangu mimi tu ndo inapotea! Baadae nikalipia mtandaoni nikaitafuta kwa namba ya chesisi. Kilomita zaidi ya laki moja na arobaini, na gredi yake ni R. Kwa wasiojua, R maana yake gari iligonga au iligongwa ikatengenezwa. Na hata hiyo karatasi wakikunyima, gari haiwezi kutoka Japani bila cheti cha kufutiwa usajili kule, na kwenye kile cheti huwa kuna kilomita zilizosomwa siku ya ukaguzi. Mwenye yadi anacho, ndo hichohicho anachopeleka TRA. Mwambie akioneshe. Akianza kukohoa, ondoka.

Haya, tuje kwenye waranti. Waranti ya miezi mitatu ya injini na giaboksi, kwa mdomo. Nikasema iandikwe, naambiwa "dada sisi hatukimbii, tupo hapahapa". Mkataba unakuja kuusoma, katikati kuna kamstari kadogo, gari limeuzwa kama lilivyo. Nikagomea hapohapo, wakaniambia hiyo ni fomu tu ya kampuni, kila mteja anasaini, waranti yako ipo. Halafu waranti yenyewe ina sharti, sevisi ufanye kwenye gereji yao, iko nyuma ya yadi, mlango wa kushoto.

Ikafika sevisi. Wakaniandikia sevisi kubwa, oili ya injini, filta zote, plagi nne mpya, na oili ya giaboksi. Nikalipa. Wiki haikuisha nina msiba wa kwenda Lushoto, na gari hii ndo mara yangu ya kwanza kuipandisha. Mpaka Mombo safi kabisa. Tunaanza kupanda, hatujafika hata Soni, gari ikaanza kutetemeka, unakanyaga mafuta injini inalia juu ila gari haiendi, nyuma yangu Coaster inapiga honi, kushoto korongo, ndani nina mama yangu anasoma ayatul kursiyyu kwa sauti. Tukapaki tukapanda Coaster.

Fundi wangu kuja kufungua, plagi ni zilezile za zamani zina kutu mpaka kwenye shingo. Kwenye giaboksi wameweka ATF ya kawaida, ile oili ya automatiki za zamani. Mnaojua mnajua. CVT haina gia za meno kama automatiki za zamani, ina mkanda wa chuma unaobanwa katikati ya puli mbili, na ina oili yake maalum inayofanya ule mkanda ushike. Ukiweka ATF mkanda unateleza, unakwangua puli, na vyumachuma vinaanza kuzunguka na oili humo ndani. Hii kitu mpaka madogo wa gereji za chini ya mwembe wanaijua, wao wenye gereji ya vioo na sare ndo hawajui?

Nikarudi. Gereji wanasema gari iliuzwa na tatizo, kaongee na mauzo. Mauzo wanasema gari ilitoka nzima, gereji ndo wameichezea, kaongee nao. Ukuta mmoja unawatenganisha! Muhuri mmoja, keshia mmoja, lakini mimi nitembezwe tu nje juani kama mpira wa chandimu. Namtaka meneja, meneja yuko Dar. Narudi tena, yuko Dar. Tanga tunasema waja leo waondoka leo, huyu wao haji wala haondoki. Siku moja wakaja na ofa, wanayo giaboksi yuzdi, wataniuzia milioni moja na laki nane "bei ya mteja wetu". Nililia pale, kwa hasira lakini.

Kuna la risiti, na hili ndo limeniuma kuliko mkanda. Nimelipa 17.5, risiti ya EFD imeandikwa milioni 11, na mkataba vilevile. Kuuliza, eti wamenisaidia, kuhamisha umiliki stempu dyuti ni asilimia 1 ya bei kwa hiyo nitalipa kidogo. Sasa hesabu hii hapa. Asilimia 1 ya 11 ni laki moja na elfu kumi, uhamisho elfu 50, kadi elfu 10, jumla laki moja na elfu sabini. Wao wamenichaji laki nne na nusu ya "kushughulikia". Na hata ingeandikwa bei ya kweli ingekuwa laki mbili na thelathini na tano! Kwa hiyo mimi sijasaidiwa chochote, wamejikatia kodi yao, na leo nikidai hela yangu wananiambia dada karatasi zinasema 11. Mungu anawaona.

Nimesoma Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inakataza kumdanganya mteja kuhusu ubora wa bidhaa au historia yake ya matumizi. Kilomita za kurudisha kama sio historia ni nini? Malalamiko ya FCC, yaani Tume ya Ushindani, nimeshayaandika, nimeambatanisha karatasi ya mnada, picha za plagi, na miamala ya benki inayoonesha 17.5 imetoka kwangu kwenda kwao.

Ninachoomba ni viwili. Aliyewahi kupeleka yadi FCC au mahakamani kwa kesi ya gari, aniambie alianzia wapi na ilichukua muda gani, inbox iko wazi. Na kama kuna fundi wa CVT wa kweli, anayefungua valvu bodi (kile kipande cha ndani ya giaboksi kinachoongoza oili) na kusafisha, sio wa "badilisha tu giaboksi dada", awe Tanga, Muheza hata Korogwe nitaivuta mpaka kwake. Asiwe na undugu na yadi yoyote tafadhali.