Ubingwa wa aleji na kinga ya mwili kwa watoto, njia yake ikoje?

Kijana wa Uyole:
Habari za jioni wakuu. Nasomea udaktari (MD) mwaka wa nne hapa Mbeya na tangu niingie wodi ya watoto akili yangu imeganda kwenye aleji, yaani mzio. Unakuta mama kaja na mtoto, ngozi imechanika kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, kajikuna mpaka damu, ukiuliza anakula nini unaambiwa mayai kakatazwa, maziwa kakatazwa, samaki, karanga, kila jirani kaongeza chake, mtoto kabaki na uji na parachichi tu na uzito unashuka, na hakuna hata kimoja alichopimwa. Nataka nibobee hapo. Njia ikoje na nikirudi huku kwetu kazi ipo kweli? Nyumbani wananisukuma niende upasuaji.

Mama Dokta Iringa:
Mdogo wangu usiliache hilo wazo. Njia ni ndefu, nisikudanganye. Malizia hiyo miaka mitano ya MD, intern (mazoezi ya kazi hospitalini) mwaka mmoja, halafu MMed ya watoto, yaani ubingwa wa magonjwa ya watoto, miaka mitatu au zaidi kutegemea chuo, Muhimbili, KCMC au Bugando, ndo uje ubingwa bobezi. Chuo Kikuu cha Cape Town wana programu ya kufundisha madaktari wa watoto kutoka nchi nyingine za Afrika, unasomea hospitali ya watoto ya Red Cross kisha unarudi kwenu. Marekani ni miaka mitatu ya watoto na miwili ya aleji ila mitihani yao unaanza upya.

MMed usiipite juu juu, nakuomba. Mtoto anayekohoa usiku inaweza kuwa pumu, inaweza kuwa TB, inaweza kuwa kapaliwa na punje ya muhindi imekaa kwenye njia ya hewa tangu mwezi uliopita. Bingwa wa aleji asiyejua watoto vizuri ataona aleji kila mahali.

Na kazi ipo mpaka utachoka, pita Makete au Njombe mwezi wa saba kwenye baridi, watu wanalala na jiko la mkaa ndani uone watoto wanavyobanwa vifua.

Tabibu Mafinga:
Naungana na dada hapo juu. Kipimo cha ngozi chenyewe hakina mambo makubwa, unadondosha matone ya vizio (vitu vinavyoleta aleji) mkononi, unatoboa juu juu na kisindano, unasubiri dakika 15, kivimbe kikizidi kile cha tone la maji ya chumvi la kulinganishia kwa milimita 3 ni pozitivu, na mtoto awe ameacha setirizini (dawa ya aleji) siku kadhaa kabla. Kazi iko kwenye kusikiliza maana pozitivu peke yake haisemi kwamba chakula kinamdhuru. Utafiti wa London wa 2015 ulichukua vichanga wenye pumu kali ya ngozi au aleji ya mayai, waliokatazwa karanga asilimia 17 hivi walipata aleji yake walipofika miaka mitano, waliolishwa mapema ni 3 hivi. Kukataza ovyo kunaumiza.

Halafu mnasahau upande wa kinga jamani. Nimonia inarudi na kurudi, HIV hana, TB hana, tunaandika dawa nyingine anaondoka. Mwaka 1952 daktari Bruton kule Marekani alimpima mvulana wa miaka 8 wa namna hiyo akakuta hana gamaglobulini (protini za kinga) kwenye damu, akawa anamchoma ya watu wengine, maambukizi yakakatika. Watoto hao hata huku wapo, tunawazika bila jina la ugonjwa.

Kijana wa Uyole:
Ndaga fijo (asante sana) dada, ndaga kaka. Hiyo programu ya Cape Town wanataka uwe umeajiriwa hospitali ya huku kwanza au unaomba mwenyewe tu?