Naomba ushauri: mtoto anaharisha, mavyaa ataka nimwachishe ziwa

Asalaam aleikum jamani. Niko Kisauni, mwanangu ana miezi 14. Leo siku ya 3 anaharisha maji matupu, damu hamna. Zahanati walisema ni virusi, wakanipa ORS (ile poda ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji) na vidonge vya zinki vya siku 10. Matone ya chanjo ya rota (virusi vya kuharisha), yale ya mdomoni yaliyoanza Kenya 2014, alimaliza yote.

Sasa vita viko nyumbani. Mavyaa asema ziwa ndilo linalozidisha. Mimi nijuavyo, maziwa ya mama yana kingamwili zinazonasa virusi mle mle tumboni kabla havijapenya ukuta wa utumbo, na ukuta wenyewe una ute na bakteria wazuri wanaoulinda. Jirani naye kaniletea masalio ya antibiotiki, dawa isiyoua virusi bali hao bakteria! Nimekataa, kanuna.

Aliyepitia haya, ulimwambiaje mavyaa bila kumvunjia heshima? Na mtindi nimpe sasa au nisubiri choo kikaze? Maji twanunua ya mkokoteni, lakini nachemsha. Mtoto anakojoa vizuri, na jioni hii kacheza kidogo.