Mafundi na wauza mbao Mtwara mnatuuzia weupe wa mninga mnasema mninga, benchi limevunjika na mzee wa watu juu yake

Wakuu habari za jioni, wa Mtwara na Lindi ndo nawataka zaidi humu. Nimekaa na hii hasira wiki ya pili sasa, leo naitoa.

Nina kijisehemu changu cha samaki na supu ya pweza Mikindani, karibu kabisa na maji, watu wanakaa nje chini ya mwembe. Mwaka juzi mwezi wa kumi na moja hela ya korosho ilipoingia nikasema sasa viti vya plastiki basi, maana jua la huku likivipiga mwaka mmoja tu mtu anakalia vinapasuka kama ganda la yai. Nikaenda kwa fundi mmoja mjini, jina simtaji, nikamwambia fundi nataka meza nne na mabenchi manane, vitakaa nje mwaka mzima, jua lao, mvua yao, upepo wa chumvi wao, nipe mbao ambayo mimi na wewe hatutaonana tena kwa ajili ya matengenezo. Akaniambia mama'angu hapo ni mninga tu, mninga hauliwi na mchwa, mninga hauozi. Tukapatana milioni moja na laki sita na nikalipa yote.

Vikaja vinang'aa vyekundu vimepigwa vanishi kama kioo, wateja wanapiga picha, mimi nimejaa furaha.

Masika ya kwanza tu vanishi ikaanza kuvimba na kubanduka, chini yake mbao ina madoa meusi ya ukungu. Nikampigia akasema ni vanishi tu mama nitakuja kupiga upya, hakuja. Kiangazi kikaingia, kila asubuhi nikifagia nakuta unga mweupe chini ya mabenchi, laini kama unga wa sembe, nikadhani ni vumbi la barabarani. Kumbe mbao inaliwa kwa ndani. Wiki mbili zilizopita mzee mmoja mteja wangu wa siku nyingi, kila Ijumaa akitoka msikitini anapitia kwangu, amekaa na bakuli lake la supu ya moto mguu wa benchi ukakatika. Ameanguka na supu imemmwagikia, kifundo cha mkono kimeteguka. Nimempeleka hospitali mwenyewe, nimelipa mwenyewe, na yeye ndo ananiambia binti yangu usilie, ajali. Hapana babu, hii sio ajali, hii nimeuziwa!

Nikamwita mzee mwingine wa hapa hapa ambaye kazi yake tangu ujana ni kuunda na kukarabati majahazi. Kaja na kisu tu. Kageuza benchi miguu juu, kakwangua pale ambapo vanishi haikufika, kwanza kwenye mguu halafu kwenye ubao wa kukalia, akanionyesha. Mguu ni paina imepakwa rangi ya kahawia. Ubao wa kukalia akasema huu ni mninga kweli bibie, hajakudanganya jina, ila tazama rangi. Mweupe unaelekea njano mpaka katikati, wekundu umebaki kama kidole kimoja pembeni. Halafu akasema neno ambalo mpaka leo linaniuma, akasema hapa umeuziwa mabanzi, yale mapande ya pembeni ya gogo yanayofuatana na gome.

Kwa wasiojua, na mimi nilikuwa sijui. Gogo la mninga lina sehemu mbili. Kuna kiini, ule wekundu wa kahawia wa katikati, na kuna weupe wa nje unaofuatana na gome. Sifa zote mnazosikia za mninga, haiozi, mchwa hawaigusi, ni za kiini. Ule weupe ndo njia ambayo mti ulikuwa unapitishia maji na kuhifadhia chakula chake ukiwa hai, umejaa wanga, kwa iyo wadudu na ukungu wanaufuata kama sisiminzi kwenye sukari. Na sio mninga peke yake, mkongo hivyo hivyo, mvule hivyo hivyo, mtiki ndo usiseme, maana ukikatwa ukiwa bado mchanga unakuta weupe mwingi kuliko kiini na muuzaji anakutajia jina la mtiki kifua mbele. Hakuna mti ambao weupe wake unafaa kukaa nje, hakuna. Ukiuliza "mbao gani" umeuliza nusu tu, nusu ya pili ni mbao imetoka wapi kwenye gogo.

Fundi anajua hili. Muuza mbao anajua hili. Hata kijana anayesukuma mkokoteni pale kwenye mashine ya kupasua anajua. Asiyejua ni mimi ninayetoa hela, ndo maana wanapaka rangi kwanza halafu wananiita kuja kuangalia.

Sisi wa huku tunajua hii michezo kwenye mpingo. Vinyago vya mti mwepesi vimepigwa dawa ya viatu anauziwa mgeni kuwa ni mpingo, na Mmakonde yeyote anakishika mkononi tu anajua, maana mpingo mzito mpaka unazama majini. Tulikuwa tunasema shauri yao wageni. Sasa tunafanyiana wenyewe kwa wenyewe, kwenye vitu ambavyo wazazi wetu wanavikalia.

Nikamfuata fundi mpaka ofisini kwake. Ananiambia mama hiyo ni hali ya hewa ya bahari, hata mninga unachoka. Nikamwambia mwanangu, ile milango ya kuchonga ya Mikindani ina umri kuliko bibi yangu na inapigwa na chumvi hii hii, jahazi linakaa ndani ya hiyo bahari yenyewe miaka na miaka, wewe benchi lako la mchangani halijamaliza miaka miwili. Kanyamaza. Halafu kasema kiini bei imepanda, ningekuambia bei ya kiini usingeweza. Hapo ndo nilipopandwa kabisa. Kwani ulinipa nafasi ya kushindwa? Ungeniambia mama kwa hela hii unapata mabenchi matatu ya kiini, ningechukua matatu nikaendelea na plastiki hizo nyingine! Umeniamulia wewe, na mzee kaumia.

Na sio mbao tu. Kapigilia misumari ya kawaida, chumvi ya huku imeila, kila msumari umezungukwa na doa jeusi na tundu limelegea. Yule mzee wa majahazi kasema kwa vitu vya pwani ni ulimi na tundu na vigingi vya mbao ngumu, au kama ni skurubu basi zile zisizoshika kutu. Kaacha mbao za juu ya meza zimebanana hazina hata upenyo wa maji kutoka. Miguu kaikata na kuiacha wazi kwa chini, na mbao hunywa maji kwenye ncha kuliko mahali popote, ilitakiwa ipakwe kitu cha kuziba na isimame juu ya jiwe au saruji isigusane na udongo. Na mbao zenyewe zilikuwa mbichi, maana viungio vyote vimefunguka kidole kinapita. Ubao wa inchi mbili unataka kupangwa kivulini na vijiti katikati hewa ipite miezi kadhaa, yeye alinikabidhi kazi ndani ya wiki mbili. Vanishi yenyewe ni ya ndani ya nyumba, jua ndo lilikuwa linaimaliza.

Kinachoniuma zaidi ya hela ni ule mti. Mninga mpaka ufike unene wa kupasuliwa ni umri wa mtu mzima mpaka anazeeka. Unaukata, unaupasua, kiini unakipakia lori kinaenda Dar, halafu sisi tunaoishi na hiyo misitu, Liwale, Nachingwea, Kilwa, tunabakiziwa maganda. Wakati Kilwa huko huko kuna vijiji misitu yao ilipewa cheti cha kimataifa cha FSC mwaka 2009 kwa kuvuna kwa utaratibu! Kwa iyo kuuza mbao kwa uaminifu huku kwetu kusini inawezekana, watu wameamua tu.

Mzee wa majahazi kanishauri safari hii nitafute mkongo, mzito, mgumu, kiini chake na weupe wake vinaonekana wazi huwezi kuchanganya, ila kanionya mvua za mwanzo unatoa maji ya njano yanachafua nguo kwa hiyo niviache vinyeshewe kwanza kabla sijakalisha watu. Au mpangapanga, ule mweusi wenye mistari myembamba, ila vibanzi vyake vikikuchoma utalia, lazima msasa upigwe kisawasawa. Paina akasema sio mbaya kama dawa imeingia mpaka ndani kwa mtambo, lakini ukikata ukakuta ukijani wa dawa uko juu juu tu kama ganda basi umeuziwa rangi.

Sasa naomba vitu viwili. Mwenye kumjua muuzaji Masasi, Nachingwea au Lindi mjini mwenye mkongo wa kiini mkavu, mbao zimegongwa nyundo, ule muhuri wa watu wa misitu, na anatoa risiti iliyoandikwa aina ya mbao, amtaje hapa hapa kwenye uzi wengine nao waone, msiniletee inboksi. Na mafundi mliomo humu, nijibuni: kwa nini mnapaka rangi kabla mteja hajaiona mbao? Mimi kazi inayofuata nalipia mbao ikiwa na rangi yake yenyewe haijapakwa kitu, nakwangua kila kipande mwenyewe, ndo randa ipite.

Mabenchi saba yaliyobaki nimeyatoa leo asubuhi nimeyapanga nyuma ya jiko. Ijumaa mzee akija atakaa kwenye kiti changu mimi cha ndani.